Hao Mabroligaki Wako

Nekesa, mama yangu,

Barua hii nimeiweka ndani ya kiatu chako cha kulia, hapo mlangoni, ili usiweze kutoka bila kuiona. Ukiisoma ukiwa umesimama ni sawa tu. Lakini uimalize kabla hujafungua mlango.

Jana jioni nilikuambia siendi uwanja wa ndege. Nilisema mbele ya mjomba wako Wafula, ugali ukiwa bado unatoa moshi: "Nenda kwa hao mabroligaki wako, mimi sikusindikizi." Ukasukuma sahani ukaingia ndani. Leo umeshinda Donholm kwa shangazi yako, na uliporudi tumepitana hapo jikoni kama wapangaji wasiojuana. Umebeba jina la mama yangu, ndiyo maana nakuita mama, na ndiyo maana kila nikikupigia kelele nasikia aibu baadaye kama mtu aliyemtukana mzazi wake. Aibu ninayo. Lakini hasira pia bado ninayo, usije ukafikiri nimeshika kalamu kwa sababu imeisha.

Mambo ya baridi, ya chakula na ya wanaume wa huko sitakuandikia. Najua shangazi yako amekufundisha mpaka soksi za kuvaa. Nataka tuongee kuhusu lile neno.

Wewe ndiye uliyelileta humu ndani. Ulikuwa unaosha vyombo, simu umeiegemeza kwenye kopo la chumvi, mara ukaanza kucheka peke yako. Nikakuuliza unacheka nini. Ukasema, "Mathe, wale wanaume wa teknolojia wametungiwa jina. Mabroligaki." Nikakuuliza hiyo ni lugha gani. Ukanieleza vizuri, kama unavyonielezaga mambo, bila kunidharau: kwamba oligaki ni wale matajiri wachache wanaoshika nchi kama yao, na bro ni bro tu, kwa sababu hawa wa sasa hawavai suti, wanavaa fulana kama vijana wa hapa stegi ya matatu, wanaitana kaka, na wanasimama nyuma ya marais wakitabasamu. Nikacheka pia. Kwa wiki moja laini yetu yote, nyumba hizi zote za mstari mmoja, ililisema. Yule kijana anayetuuzia Wi-Fi akizima mtandao watoto wanamwimbia, "Broligaki! Broligaki!" na yeye anafurahi.

Mimi nililala nalo, na asubuhi likanichoma.

Bro gani? Bro ni Wafula. Alilala kwenye sakafu ya jikoni ya nyumba hii miaka yote niliyokuwa nasomea ushonaji, miguu yake ikitokea chini ya meza, na hata siku moja hakunikumbusha. Bro ni wale vijana wa mtaa wa Mbotela waliombeba baba yako kutoka kwenye gari mpaka kitandani alipougua, halafu wakakaa nje wakijifanya wanacheza kadi ili nisijisikie niko peke yangu. Sasa mtu ambaye hajawahi kunijua, anayeweza kunifunga mdomo akiwa amelala, ndiye tumpe jina la ndugu? Tumtungie kajina kazuri ka kuchekesha, watoto wamwimbie?

Babu yako alifanya kazi reli, na yeye pia alikuwa na maneno yake. Beberu. Kabaila. Wabenzi. Hilo la wabenzi, wakubwa wenye magari ya Benzi, alilisema akipunguza sauti, kwa sababu wakati ule hukujua nani anasikiliza dirishani. Hakuna aliyelicheka. Na mbenzi, pamoja na ubaya wake wote, tulimwona. Alipita Jogoo Road akaturushia maji machafu, tukaona shingo yake. Tulijua geti lake lina rangi gani na mke wake wa pili anakaa wapi.

Hata afisa wa estate, aliyesimamia nyumba hizi na maji yake, tulimjua. Ulikuwa mgongoni kwangu siku ile, kwa hiyo huwezi kukumbuka. Maji yalikuwa yamekatika hata watu wakaanza kuona haya kusogeleana. Tukachukua sufuria, wamama wote wa laini, tukaenda ofisini kwake tukazigonga na mwiko mpaka madirisha yakatetemeka. Mama Shiro wa kibanda cha mboga alikuwa mbele, unajua sauti yake ilivyokuwa. Yule bwana akatoka na kikombe cha chai mkononi, shati limemshika kwapani, akasema, "Wamama, tafadhali, tulieni tuongee." Mama Shiro akamwambia, "Hiyo chai umepikia maji gani?" Jioni mifereji ikatoa maji. Simsifu yule afisa, alikuwa mvivu. Lakini alikuwa na mlango, na sisi tulikuwa na mwiko, na mambo yakaenda.

Sasa nikuambie ya beseni, kwa sababu jana uliposema lile ulilosema nilijua sijawahi kukueleza sawasawa.

Beseni la bluu, lile ninalofulia. Kabla halijawa la kufulia lilikuwa la misiba ya laini yetu. Mtu akifa, mimi na Mama Shiro tulilishika, mmoja huku mmoja kule, tukaanza nyumba ya kwanza mpaka ya mwisho. Hatukuwa na haja ya kusema mengi. Mtu akifungua mlango akaona wanawake wawili na beseni la bluu, alijua. Aliuliza tu, "Ni nani?" Halafu alirudi ndani akaleta alichonacho: sukari, majani ya chai, mshumaa, nusu pakiti ya unga. Asiye na kitu aliweka mkono ndani ya beseni akautoa, na hiyo pia ilihesabika, kwa sababu ilimaanisha nitakuja. Mkikuyu, Mluhya, Mjaluo, Mkamba, beseni lilikuwa moja. Na Jumapili baada ya kanisa tulikaa kwenye mabenchi nje ya ukumbi, wanachama wote wa chama chetu cha misiba, tukapanga na kugombana. Mama Shiro alipenda sana kugombana. Ukichelewa alikuambia, "Karibu, mgeni rasmi," mbele ya watu wote.

Mimi ndiye niliyeviua vyote viwili, beseni na mabenchi.

Nilikuwa katibu, na nilijiona mjanja. Nilikuwa nimenunua simu nzuri, nikasema jamani, dunia imeendelea, kwa nini tunachoka na jua, tufungue grupu kwenye simu. Mama Shiro alikataa. Alisema, "Nikikosana na mtu nataka kumwona macho." Nikamcheka. Nikamwambia amebaki nyuma, nikachukua simu yake nikamwingiza kwenye grupu kwa mkono wangu mwenyewe. Baada ya miezi michache mabenchi yalikuwa matupu. Mtu akifa niliandika, wakaweka zile picha za mikono iliyokutanishwa na za machozi, wakatuma mchango, na wengi hawakuonekana. Niliona. Nikajiambia ndio maisha ya sasa. Beseni nikalitia nguo na sabuni.

Tulikuwa tumewapa hao wenye mitandao kukaa kwetu pamoja, Nekesa. Hawakutuibia. Tuliwapelekea wenyewe, tena mimi ndiye niliyekuwa mbele, nikijisikia msomi. Hilo linaniuma kuliko ubaya wao wote, na sitaki kulificha ili hasira yangu ionekane safi.

Wewe ulikuwa Eldoret chuoni Mama Shiro alipokufa. Alianguka kwenye kibanda chake cha mboga asubuhi, kabla hajamaliza kukata sukuma. Nililia nikaosha uso nikafanya kazi yangu ya katibu. Niliandika tangazo moja, na picha yake, na namba ya kutuma mchango, nikalipeleka kwenye grupu letu, la laini ya pili, la kanisa, la ushirika wa wamama, la soko, kila mahali. Mchana simu ikaniambia akaunti yangu imefungwa. Ati nimevunja kanuni. Ati natuma ujumbe wa kitapeli. Picha ya mwanamke aliyekufa na namba ya mazishi, mashine yao ikaona mimi ni mwizi.

Grupu likapotea machoni pangu. Majina ya watu, namba zao, zamu za kulala matanga, nani ameahidi gari la kwenda kuzika Murang'a, yote yalikuwa humo. Nikaandika kuomba wafungue. Nikajibiwa hapohapo: asante kwa kuwasiliana nasi. Nikafurahi, nikafikiri kuna mtu. Nikamweleza kila kitu, kwamba kuna msiba, kwamba mimi si tapeli, kwamba watoto wa marehemu wanangoja. Nikajibiwa: asante kwa kuwasiliana nasi. Nikaandika tena kwa Kiingereza changu cha shule. Asante kwa kuwasiliana nasi.

Na hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo sijamwambia mtu yeyote. Kibanda cha Mama Shiro kiko milango minne kutoka hapa. Nilikuwa na miguu. Nilikuwa na beseni, limejaa nguo zangu zilizolowekwa. Ningezimwaga nguo pale nje nikalishika peke yangu nikaanza kubisha hodi. Badala yake nilikaa kitandani siku mbili nikibishana na mashine. Nilikuwa nimesahau kwamba habari inaweza kutembea kwa mguu. Na wenzangu, wanaopakana ukuta kwa ukuta na marehemu, waliona grupu limenyamaza wakafikiri mipango bado. Wengine waliona turubai likisimamishwa wakafikiri ni la harusi ya upande wa pili. Baadaye kila mmoja aliniambia neno lilelile: "Hatukuona kwa grupu."

Usiku wa matanga viti vilikaa vimepangwa juu kwa juu, kama vilivyoshushwa kwenye mkokoteni. Tulikuwa wachache hata chai ikapoa kwenye birika. Na huo ulikuwa msiba wa mwanamke aliyekuwa amepika chai ya kila msiba wa laini hii. Shiro, binti yake, akanijia, akanishika mkono, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Auntie, kwani watu wako wapi?" Nilisema wanakuja. Hawakuja.

Baada ya mazishi nilivaa nguo zangu za kanisa nikaenda Westlands. Mtu alikuwa ameniambia hiyo kampuni ina ofisi kwenye jumba fulani la vioo. Nilikuwa nimebeba picha ya Mama Shiro kwenye bahasha. Mlinzi pale chini alikuwa kijana wa Busia, tukasalimiana kwa lugha ya nyumbani, akanionea huruma. Akasema, "Mama, hata sisi hatujui kama wako hapa. Hakuna jina mlangoni. Wanasema mwenye shida aandike kwa mtandao." Nikamwambia mtandao ndio ulionifunga. Akaangalia viatu vyangu. Akasema, "Pole, mama." Nilisimama kwenye ile barabara na nikatamani mtu wa kumchukia. Ningempata hata mmoja aliyebonyeza kitu akasema huyu ni mwizi, ningemtukana, na labda angejuta. Pengine hakuna aliyebonyeza. Mtu mmoja ana vinywa vya dunia nzima mfukoni, na hakuna mahali pa kumgongea sufuria.

Sasa unaelewa kwa nini uliporudi na habari ya kazi nilipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka, halafu ukataja jina la kampuni nikanyamaza. Ulifikiri ni wivu, au naogopa kubaki peke yangu. Nitaogopa, ndiyo, hiyo ni yangu. Lakini jana nilipokuambia ni haohao walionifungia, ukasema, "Mum, si ilikuwa grupu tu." Ulisema bila ubaya. Ulikuwa unakata nyama. Ndiyo nikapasuka.

Haikuwa grupu tu. Lakini huo upumbavu ulianzia kwangu, mimi ndiye niliyemwambia Mama Shiro ni kitu kilekile, na wewe ulikulia humu ukinisikia. Kwa hiyo nimekukasirikia kwa neno langu mwenyewe.

Sikuambii usiende. Kazi umeipata kwa kichwa chako, hukuinama kwa mtu, na mtoto wa fundi wa sare za shule akiingia mahali kama hapo mimi nitajigamba mpaka wanichoke. Ninachotaka ni kimoja. Siku moja utakuwa umekaa kwenye kiti chako huko, na kitu kitapita mbele ya macho yako, labda namba tu, labda mstari mmoja unaosema huyu amefungwa, huyu analalamika tena. Ujue kuna mtu amekaa kitandani na msiba mkononi. Usivunje sheria zao, utafukuzwa na sitakuwa nimepata kitu. Uliza. Uliza kwenye mikutano yao, kwa sauti: huyu mtu akitaka kutuona, anabisha hodi wapi? Wakikuangalia vibaya, ngoja wiki ipite uulize tena. Uwe msumbufu. Uwe kama Mama Shiro na ile chai ya afisa.

Na huyo mwenye kampuni mwenyewe, siku akipita ofisini na fulana yake akakusalimia kama beshte wake wa utotoni, msalimie vizuri, umelelewa. Akupige begani ukitaka. Lakini usije ukaniambia kwa simu ni mtu poa. Mtu poa ana mlango. Na usimcheke kwa lile jina, maana nimeona hata wao wanalipenda. Mtafutie jina ambalo akilisikia hatatabasamu, kisha uniletee na mimi.

Nimebakisha ya leo.

Ulipotoka kwenda Donholm nilikaa pale kwenye cherehani na sikushona kitu. Nilikuwa nimekwisha kusema siendi, na unajua mimi kurudisha neno langu ni kazi. Halafu nikafikiri: huyu anaondoka, na nani anajua? Zamani mtu akisafiri ng'ambo laini nzima ilimsindikiza mpaka uwanja wa ndege, wazee na watoto, wakaomba hapohapo kwenye sakafu ya watu. Wewe ungetoka saa kumi na moja asubuhi na mjomba wako mmoja na sanduku. Mimi sina grupu, sijafungua lingine tangu siku ile. Nikatoka nje, nikatupa nguo zote kwenye kamba zikiwa hazijasuuzwa, nikafuta beseni na khanga.

Nyumba ya kwanza ni ya Mzee Odhiambo. Alifungua mlango, akaona beseni, akavua kofia. Akauliza, "Ni nani?"

Nikasema, "Hakuna aliyekufa, mzee. Nekesa anasafiri kesho asubuhi."

Akasema, "Wewe mama, utatuua na presha. Si ungepiga simu?"

"Nimekuja kwa miguu."

Aliniangalia sana. Halafu akarudi ndani, nikasikia anafungua kabati, akatoka na pakiti ya njugu. Akasema nikuambie huko hakuna njugu za maana. Nyumba ya pili walipiga kelele kabla sijafungua mdomo, ya tatu mama mmoja alishakaa chini. Nimetukanwa leo, Nekesa. Nimeambiwa nina wazimu, nimeambiwa nimemkosea Mungu, na kila aliyemaliza kunitukana alienda ndani akarudi na kitu.

Nilipofika kwenye kibanda, Shiro alikuwa anapanga nyanya. Aliliona beseni kutoka mbali. Nilitaka kumpita, nikaona haya. Tangu ule usiku tunasalimiana tu, kwa heshima, na yeye hajawahi kunilaumu, ambayo ni mbaya zaidi. Nikamwambia, "Shiro, mwenzako anaondoka kesho." Akafunika nyanya kwa gunia. Akazunguka akashika ukingo wa pili wa beseni, upande wa mama yake. Tukaendelea hivyo mpaka nyumba ya mwisho.

Kwa hiyo sasa vaa viatu. Ukisikia watu wanakohoa huko nje, ni wao. Hakuna hata mmoja aliyeambiwa na simu. Beseni liko kizingitini, angalia usilikanyage, utapanga mwenyewe kipi kinaingia kwenye sanduku na kipi utaniachia, ila unga wa yule mzee wa nyumba ya kona ubebe, ameusaga mwenyewe. Shiro amesema ataimba. Sanduku nitalibeba mimi mpaka kwenye gari, usinigombanie.

Fungua mlango.

Mama yako, ambaye bado ana hasira.